Jiko la Gesi Safarini, Kutoka Kishapu Hadi Geita

Jiko la gesi la safari lina sehemu chache: mtungi, valvu yenye koki, regulata, mpira na kichomeo. Mnunuzi akiingia dukani hutazama kichomeo kwanza, kama kinang'aa na kama kina pleti moja au mbili. Lakini usalama wa safari nzima umo katika maungio ya sehemu hizo, na katika jambo ambalo halionekani dukani kabisa: gesi itakwenda wapi ikivuja.

Katika ukanda wa Shinyanga na Geita majiko ya namna hii hubebwa na watu wa aina tatu. Wapo madereva na utingo wa malori ya masafa wanaopita Tinde na Isaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Wapo wachimbaji wadogo wanaohama na dhahabu kutoka machimbo hadi machimbo. Na wapo wasafiri wachache wenye hema juu ya paa la gari, wanaopita Kishapu kuelekea Meatu na Pori la Akiba la Maswa. Barabara niliyoifuata inawakutanisha wote: Shinyanga mjini hadi Kolandoto, mkono wa kulia hadi Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, kisha Maganzo na Mwadui, halafu kurudi Tinde, Isaka, Kahama na Kakola hadi Geita.

Sababu ya kubeba gesi katika nchi hii huonekana mara tu gari linapoiacha Kolandoto. Kishapu ni tambarare ya pamba, mtama na ng'ombe, na miti mikubwa ni michache. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa wingi kupambana na mbung'o, na idara ya utafiti wa mbung'o ya serikali ya kikoloni ilikuwa na makao yake Shinyanga. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao kwa muda wa miaka 18 ulirudisha miti kwa kutumia utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lije kutumika kiangazi. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Ngitili ina mwenyewe, iwe ya kaya au ya kijiji, na sheria zake husimamiwa na dagashida, mkutano wa jamii. Msafiri anayeshuka garini na panga kutafuta kuni za usiku mmoja anaingia kwenye mali ya watu. Wenyeji wengi hupikia mabua ya pamba na samadi kavu, na hayo pia si ya mgeni kuokota.

Serikali nayo imesukuma upande huo huo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Matokeo yake ya karibu kwa msafiri ni mitungi ya kilo 6, ambayo sasa inaonekana mbele ya maduka hata katika miji midogo ambako zamani kulikuwa na magunia ya mkaa peke yake.

Gesi ya mtungi haitoki Songosongo wala Mtwara, ingawa wengi huamini hivyo. Ile ya kusini ni gesi asilia inayosafirishwa kwa bomba. Ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, huletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na Tanga, na kupanda bara kwa malori. Ikiwa ndani ya mtungi ni kimiminika kilichobanwa. Ikitoka huwa mvuke na kutanuka zaidi ya mara 200. Haina rangi, na kwa asili yake haina harufu: ule uvundo kama wa yai viza huongezwa kiwandani makusudi ili pua igundue uvujaji. Sifa iliyo muhimu kuliko zote ni uzito. Propani ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, na butani karibu mara mbili. Haipandi juu kama moshi. Hutambaa chini, hujaza mashimo na pembe, hukaa hapo ikisubiri cheche. Ikifika takriban asilimia 2 ya hewa iliyopo, inaweza kuwaka. Karibu kila kanuni ya usalama itakayofuata hapa inatokana na sifa hiyo.

Majiko yanayopatikana Shinyanga na Kahama kwa ajili ya safari ni ya namna tatu. La kwanza ndilo la kawaida zaidi: kichomeo kinachokazwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6, chenye miguu ya chuma ya kushikilia sufuria. La pili ni la mezani, pleti moja au mbili, lenye regulata na mpira; ndani ya kundi hili limo jiko la kuchomea nyama, lenye wavu, sinia la kupokea mafuta na pengine mfuniko. La tatu ni jiko dogo la kopo, linalotumia kopo la butani la gramu 220 au zaidi kidogo.

Jiko la juu ya mtungi lina fadhila moja kubwa: lina ungio moja tu. Hakuna mpira wa kupasuka wala kibano cha kulegea. Kwa sababu hiyo ni jiko zuri kwa mtu mmoja au wawili wanaopika ugali, wali na chai. Lakini lina kasoro mbili ambazo muuzaji hazitaji. Kwanza, halina regulata. Gesi hupanda kwa shinikizo la mtungi wenyewe na kuzuiwa na koki ndogo na tundu la nozeli tu, hivyo moto wake ni mkali na haupunguziki vizuri. Pili, moto uko juu kabisa ya mtungi. Sufuria ndogo haileti taabu. Mtu akiweka wavu mpana wa nyama choma au karai pana, joto hurudishwa chini na kuupiga mtungi begani, mahali pale pale penye valvu na ringi ya mpira inayozuia gesi. Mtungi ukipashwa joto, shinikizo ndani hupanda, na ringi ikilainika hupitisha. Ni mtindo unaoonekana sana kwenye kambi na vibanda vya barabarani, na haufai. Anayetaka kuchoma nyama safarini anunue jiko lenye mpira, ili mtungi ukae mbali na moto.

Jiko la kopo ni jepesi na linaingia mkobani. Hata hivyo nchi ya Kishapu si rafiki yake. Makopo hayo huandikwa kuwa yasiachwe penye joto la zaidi ya nyuzi 50, na gari lililofungwa vioo juani kiangazi hufika huko na kupita. Kopo moja huisha kwa saa moja na nusu hivi ya moto mkubwa, na nje ya miji mikubwa makopo hayapatikani kwa urahisi. Litoshe kuwa jiko la akiba la kuchemshia chai, na kopo likae kivulini daima.

Ukubwa wa moto huamua ukubwa wa mtungi. Kilo 1 ya gesi hutoa takriban kilowati-saa 12.8 za joto. Kichomeo cha kilowati 2 kikiwashwa chote hula kama gramu 160 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 hutoa saa 38 hivi za kupika. Jiko la kuchomea la kilowati 4 hula mara mbili, na mtungi huo huo unakuwa wa saa 19. Kwa familia inayopika mara mbili kwa siku, kilo 6 zinatosha juma zima hata nyama ikichomwa kila jioni. Mtungi wa kilo 15 ni wa kambi ya kukaa: mzito, mrefu, mgumu kufungwa garini. Unafaa pale tu majiko mawili yanapotumika pamoja, kwa sababu mtungi mdogo ukivutwa gesi nyingi kwa mkupuo hupoa ubavuni na moto hudhoofu.

Chakula nacho ni sehemu ya hesabu. Maharage makavu yanakula gesi kuliko kitu chochote, labda yalowekwe tangu asubuhi garini na kupikwa kwenye sufuria ya presha. Usukuma wenyewe una vyakula vya safari tangu zamani: michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, huiva kwa muda mfupi; na matobolwa, viazi vilivyochemshwa kabla ya kuanikwa, huweza kutafunwa bila kuwasha moto kabisa. Nilivipata sokoni Mhunze vikiuzwa kwa kisado, na kwa msafiri mwenye mtungi mmoja hakuna ununuzi wa busara zaidi ya huo. Mbuzi wa Kishapu ana nyama ngumu kidogo. Achemshwe kwanza nusu saa kwa moto mdogo, ndipo apelekwe wavuni. Akichomwa mbichi kwa gesi hukauka nje kabla hajaiva ndani.

Mtungi uchaguliwe kwa kampuni kabla ya kuchaguliwa kwa rangi. Oryx, Taifa Gas, Lake Gas na wengineo kila mmoja ana mitungi yake, na mtungi mtupu hubadilishwa kwa uliojaa wa kampuni ile ile. Aidha regulata ya kampuni moja si lazima ikae kwenye valvu ya nyingine. Kwa hiyo msafiri aulize mapema ni mitungi ipi inauzwa Maganzo, Kahama na Geita, kisha anunue hiyo hiyo. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, kazi inayofanywa kwa siri uani, kuna hatari mbili: gesi humwagika wakati wa kumimina, na mtungi mdogo hujazwa kupita kiasi. Mtungi uliojazwa ipasavyo huachwa na nafasi tupu ya karibu sehemu moja ya tano ili kimiminika kipate pa kutanukia kikipata joto. Uliojazwa hadi juu hauna nafasi hiyo, na jua la saa nane mchana Kishapu si la kufanyiwa majaribio.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani. Mteja ana haki ya kuitumia. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma cha mtungi wenyewe. Ukijumlisha kilo 6, jibu ndilo linalopaswa kuonekana kwenye mizani. Lakiri ya plastiki juu ya valvu iwe nzima. Mtungi wenye kutu iliyochimba, uliobonyea au wenye kitako kilichopinda urudishwe hapo hapo, hata kama muuzaji ataona mteja ni msumbufu.

Sasa maungio. Jiko la mezani lina matatu: valvu na regulata, regulata na mpira, mpira na jiko. Yafungwe kwa mpangilio huo huo, nje, koki zote zikiwa zimefungwa na bila moto karibu. Ndani ya mdomo wa valvu kuna ringi ndogo nyeusi ya mpira. Itazamwe kwa mwanga: iwepo, iwe laini, isiwe na ufa wala mchanga. Vumbi la Kishapu ni jembamba kama unga na huingia humo mara lakiri inapotolewa, kwa hiyo mdomo wa valvu upanguswe kwa kitambaa safi kikavu kabla ya kukaza regulata. Wengine hupaka grisi au mafuta ili ikaze vizuri. Grisi huharibu mpira na kukusanya mchanga. Regulata ya kukaza kwa nyuzi hukazwa kwa mkono hadi ikatae. Ile ya kubana husukumwa hadi isikike imekaa, kisha huvutwa kidogo juu kuhakikisha haitoki.

Regulata yenyewe hupunguza shinikizo la mtungi hadi takriban milibari 30, ambalo ndilo majiko mengi ya mezani yametengenezewa. Madukani kuna nyingine, za shinikizo kubwa, zenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, ambazo ni za majiko makubwa ya biashara. Zinafanana na za nyumbani, na mafundi huzifunga popote. Zikiunganishwa na jiko la kawaida, moto huruka juu ya kichomeo, na mpira hubeba shinikizo ambalo haukuundwa kulibeba. Msafiri asome maandishi ya regulata na ya jiko, yaafikiane.

Mpira uwe wa gesi kweli, wenye maandishi ya gesi na mwaka wa kutengenezwa ubavuni. Mpira wa maji wa bustani, hata ukiwa mpya na mnene, huliwa na gesi kutoka ndani na kupasuka. Urefu wa mita 1 hadi 1.5 unatosha: mfupi zaidi huweka mtungi karibu na moto, mrefu zaidi hukanyagwa na kujikunja. Kila ncha isukumwe hadi mwisho wa mdomo wake, kisha ifungwe kwa kibano cha skurubu. Waya wa kufungia, hata ukizungushwa mara nne, hukata mpira taratibu kila gari linapotikisika.

Hayo yote yakiwa tayari, huja jaribio la povu, na hapa kuna funzo ambalo madereva wa malori wanaweza kumpa yeyote. Tinde, mahali barabara ya Shinyanga na Mwanza inapoachana na ile ya Kahama na Rusumo, malori hulala kwa safu. Niliwakuta jioni wakiandaa chakula. Chini ya tela, nyuma ya magurudumu, kulikuwa na sanduku la chuma ambalo mlango wake hushuka na kuwa meza. Ndani mlikuwa na mtungi wa kilo 6 uliosimama, umefungwa ubavuni kwa vipande viwili vya tyubu ya tairi. Jiko la pleti moja. Dumu la maji. Na kopo la maziwa lililokatwa, lenye sabuni ya unga iliyokorogwa hadi ikawa povu zito. Dereva alikunja ncha ya mpira kati ya vidole gumba viwili, akauinamia kwa tochi kutazama nyufa, akageuza upande wa pili. Kisha akafungua koki ya mtungi huku ya jiko ikiwa imefungwa, na kwa kipande cha godoro akapaka povu kwenye kila ungio. Akasubiri. Povu kwenye regulata likaanza kutoa viputo vidogo, kimoja kimoja. Akafunga koki, akakaza, akapaka tena, na safari hii povu likatulia. Ndipo akatoa kiberiti mfukoni. Kitako cha sanduku lile kilikuwa na matundu manne yaliyotobolewa, kila moja la upana wa kidole, ili gesi ikivuja ianguke nje badala ya kujaa ndani.

Jaribio hilo halichukui dakika tano, na halina mbadala. Kupitisha kiberiti kwenye maungio kutafuta mahali panapovuja kunafanywa bado, na kumeunguza watu. Tena jaribio lifanyike kila baada ya barabara mbaya, hata kama mtungi haujabadilishwa. Kutoka Kahama kupitia Kakola hadi Geita nilikuta sehemu za vumbi na makorongo ambazo hulegeza hata nati za gari. Kibano cha mpira hakiwezi kusalimika.

Wakati wa kuwasha, mfuniko wa jiko la kuchomea uwe wazi. Gesi ikifunguliwa chini ya mfuniko uliofungwa hujaa, na cheche ya kwanza huilipua usoni. Njiti iwashwe kwanza, ipelekwe kichomeoni, ndipo koki ifunguliwe. Moto usiposhika, funga, acha wazi dakika tano, uanze upya. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, hewa haitoshi: mara nyingi vumbi au utando wa buibui umeziba njia ya hewa. Husafishwa kwa brashi laini na kupulizwa. Kuchokoa nozeli kwa sindano hupanua tundu, na jiko haliwi tena lile lililonunuliwa. Wakati wa kuzima, koki ya mtungi hufungwa kwanza, moto uachwe umalize gesi iliyobaki mpirani, kisha koki ya jiko ifungwe.

Mahali pa kuweka jiko pana maana kuliko aina ya jiko. Tambarare za Kishapu zina upepo mkali kuanzia Juni, na mpishi huzungushia jiko mabati au masanduku. Kinga ya upepo ikinge moto peke yake. Ikizunguka mtungi pia, hufunga joto pamoja nao, na ikiwa ni jiko la juu ya mtungi, ni afadhali kuhamia nyuma ya gari upande usio na upepo kuliko kuzungushia chochote. Ardhi iwe sawa, mtungi usimame wima. Mtungi uliolala hutoa kimiminika badala ya mvuke, na moto huwa mrefu kuliko mtu. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi kwa nyufa zinazomeza mguu wa jiko; uwanda wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni ni bora zaidi.

Kwenye machimbo hatari ina sura nyingine. Maganzo, mji uliokua kandokando ya mgodi wa Mwadui tangu John Williamson alipogundua almasi hapo mwaka 1940, umezungukwa na mashimo ya wachimbaji wadogo. Geita, kuanzia Mgusu hadi Nyarugusu na Rwamgasa, maduara ya dhahabu, yaani mashimo ya kuchimbia, yanaingia ardhini kwa kina kirefu yakiwa yameshikiliwa na matimba ya miti, na kambi za kupikia zimejengwa hatua chache kutoka kwenye midomo yake. Gesi nzito ikivuja kambini usiku itateremka duarani kama maji, itakaa chini, na mchimbaji wa zamu ya asubuhi atashuka ikiwa bado ipo pale. Mtungi na jiko vikae upande wa chini wa mteremko na mbali na duara, mbali pia na karasha za kusagia mawe zenye injini, na kabisa kusiwe na baruti karibu. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Wachimbaji wanaijua hewa chafu ya duarani na wanaiogopa kwa haki, lakini wengi wanaihusisha na moshi wa mashine za kuvuta maji peke yake.

Moshi huo huo una ndugu yake ndani ya hema. Jiko la gesi likiwaka mahali pasipo hewa hula oksijeni na kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na kiongeza harufu cha gesi hakisaidii hapa kwa sababu kilikwisha kuungua. Usiku wa Juni na Julai Shinyanga una baridi ya kutosha kumshawishi mtu aingize jiko ndani ya gari au hema apashe joto. Asifanye hivyo hata kwa robo saa. Kupika ni nje. Ndani ni blanketi.

Garini mtungi hufungwa wima kwenye fremu ya nje, nyuma, mbali na ekzozi na dumu la petroli, koki imefungwa, regulata imetolewa na kifuniko cha valvu kimerudishwa. Ukilazimika kukaa ndani, madirisha yawe wazi kidogo na asiwepo mvuta sigara. Mpira uzungushwe kwa duara pana na uhifadhiwe kwenye mfuko, usibanwe na jeki wala sufuria. Anayetoka Mwanza kwenda Geita sasa hupita Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ambapo zamani foleni ya kivuko iliwaacha watu juani kwa saa nyingi pamoja na mitungi yao.

Moto ukitokea kwenye ungio, jambo la kwanza ni kufunga koki ya mtungi, kwa kitambaa kilicholowa kama mkono haufiki kwa sababu ya joto. Koki ikifungika, moto hufa wenyewe. Isipofungika, moto unaowaka usizimwe, kwa sababu gesi itaendelea kutoka bila kuonekana na kutafuta cheche nyingine. Watu waondoke, mtungi umwagiwe maji kutoka mbali, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114. Mafuta ya nyama yakiwaka kwenye sinia hayamwagiwi maji: funga gesi, funika. Kizimia moto cha unga ambacho gari linatakiwa kuwa nacho kitolewe chini ya kiti na kuwekwa karibu na mpishi, kwa kuwa mara nyingi kimefukiwa na mizigo.

Mpira wenye ufa hauzibwi kwa utepe, unatupwa. Regulata iliyoanguka na kugonga jiwe ibadilishwe. Kwa anayepanga safari ya Kishapu na fedha yake ni ndogo, anunue kwanza mpira mpya, vibano viwili na regulata inayolingana na mtungi wake. Kitakachobaki ndicho achagulie jiko.